Tata, Tangi Uliloliacha Halikutosha Ukutani

Tata, baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, maana meza yetu ya chakula imejaa mabomba, pampu na taulo. Nje kuna ile baridi ya Iringa ambayo watu wa hapa wanasema si baridi, na mume wangu ametoka kununua maziwa. Mume wangu! Nimeliandika neno hilo polepole ili nilionje vizuri. Nimeolewa, Tata. Najua ulikuwa ukinitania kwamba nitazeekea kwenye kibanda chako cha vioo pale Mwanjelwa, nikiwadanganya wateja kwamba fundi yuko njiani. Basi sikuzeekea. Nimeolewa na Festo, na kila nikiamka nikamwona amelala mdomo wazi kama mtoto aliyeshiba uji, moyo unanipanda mpaka najifunika shuka nicheke peke yangu.

Halafu nakukumbuka wewe, na kicheko kinakatika katikati.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kuna swali uliondoka bila kulijibu. Festo alipotuma washenga nyumbani Uyole, uliwakaribisha vizuri, ukawapa viti vizuri, ukawasikiliza mpaka mwisho. Wote tulingoja useme ndiyo au hapana. Ukasema, "Tangi la samaki likisimama, nitajibu." Basi. Washenga wakamaliza chai yao, wakatazamana, wakaaga. Na tangi halikusimama ukiwa hai.

Sijui huko uliko mnakumbuka mambo kwa kiasi gani, kwa hiyo acha nikukumbushe. Nikikukumbusha, na mimi nakuwa kama nimekaa na wewe.

Festo alikuwa dereva wa fuso. Alikuja kwetu Uyole kupakia viazi vya Mama kuvipeleka Dar es Salaam. Siku ile mvua ilikataa kukatika, Mama akamwambia aingie ndani asubiri. Akakaa kwenye kiti kilichotazamana na lile tangi lako dogo la samaki wa dhahabu. Wewe ulikuwa unakula. Akasema, "Mzee, mimi kuna hoteli Dar nashushia viazi, wana tangi la bahari pale mapokezi. Lina matumbawe, na yako hai." Ukaacha kutafuna. "Matumbawe si mawe?" Akasema, "Ni wadudu, mzee. Wanajenga mawe wakiwa ndani yake. Mengine yanafanana na ubongo, mengine kama vidole vinapunga."

Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Niliona uso wako ulivyobadilika. Wewe uliyekata vioo maisha yako yote, ukatengeneza matangi ya mabaa na nyumba za wageni kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, yote ya maji baridi, na bahari hujawahi kuiona kwa macho. Tangu siku hiyo kila Festo akipita lazima akae, na kila akikaa lazima akuonyeshe video kwenye simu yake. Ulikuwa unamsimamisha kila mara. "Rudisha nyuma. Hapo. Kioo hicho unene gani? Maji yanazunguka vipi? Mbona hawajajaza mpaka juu?" Na mimi naleta chai, naondoa chai, naleta tena. Chai ilikuwa yako, Tata, lakini sukari ile yote ilikuwa ya Festo.

Ulimwambia kitu ambacho nilikuwa nimekisikia tangu nikiwa mdogo, kwamba watu hukosea tangi kabla hata kioo hakijakatwa. Hukosea ukubwa. Mtu anachagua kwa macho na kwa majivuno. Ukamsimulia habari za yule mwenye baa wa Mbalizi aliyetaka tangi refu kwenda juu kama kabati la vyombo, watu walione kutoka barabarani. Ulimkatalia, akasema, "Fundi, hela ni yangu." Ukamtengenezea. Baada ya muda ukapita pale ukamkuta mkewe amesimama juu ya kreti la soda, kainama, kichwa na bega vimo majini, anafuta ukoko wa kijani chini. Akakuona akasema, "Shemeji, njoo uoge na wewe!" Festo alicheka mpaka akamwaga chai. Nilimpenda papo hapo. Sitaki kukuficha.

Ulimfundisha kama ulivyonifundisha mimi. Urefu ni wa samaki, wapate pa kukimbilia. Upana ni wa mawe, yapangwe bila kugusa kioo. Wingi wa maji ni wa baridi yetu na wa umeme wetu huu unaokatika: "Sufuria ya harusi haipoi haraka kama kikombe. Maji mengi yana subira, maji machache yana hasira." Kwa hiyo tangi la bahari huku kwetu lazima liwe kubwa. Lakini kimo, ukasema, kimo si cha samaki wala cha macho ya wageni. Kimo ni mkono wa atakayelisafisha. Ndiyo maana ulikuwa ukifika kwa mteja swali lako la kwanza ni, "Nani atalisafisha?" Ukioneshwa dada wa kazi, unamwita kutoka jikoni na mikono yake ya maji, unampima kutoka kwapani mpaka ncha za vidole, na bosi mwenyewe amesimama tu anashangaa. Watu walikuona wa ajabu. Mimi nilikuona mfalme.

Basi posa ilipokuja nilidhani mambo yamekwisha. Mlikuwa marafiki! Kumbe rafiki wa tangi ni mmoja na mkwe ni mwingine. Mama ndiye aliyeninong'oneza ulichomwambia chumbani: "Dereva ana jiko kila stendi." Ukaongeza kwamba tangi la bahari halitaki mtu wa kupita. Maji yanapungua kila siku, chumvi inabaki, lazima mtu awepo kila siku aongeze maji safi, achunguze, aguse. Nikaelewa kwamba unampima Festo kwa tangi. Nilikasirika, Tata. Utani wako wa kwamba ndizi za Wanyakyusa hazilali chungu kimoja na ulanzi, pombe ya Wahehe wenzake Festo, ningeuvumilia. Lakini kumpima mtu kwa samaki!

Ukanunua vioo vinene. Ukavikata peke yako, mlango wa kibanda umeufunga, mimi ukanituma sokoni kwa vitu visivyo na maana. Tangu nimalize kidato cha nne tulikuwa tunafanya kazi pamoja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza hukutaka nikushikie upande wa pili. Ulipomaliza kupiga msasa kingo ulivifunika kwa turubai. Ulisema ukipata silikoni nzuri utaunga. Kisha asubuhi moja ukasema kichwa kinauma, ukakaa kwenye benchi nje ya kibanda, ukaegemea ukuta. Hospitali walisema presha.

Siwezi kuandika zaidi juu ya siku hiyo. Nimejaribu, mkono umekataa.

Acha nikwambie jambo la msibani badala yake, maana najua ungetaka kulijua. Festo alikuwa amekuletea ndoo ya ile chumvi maalumu kutoka Dar, ile ya kuchanganya maji yawe bahari. Ilikuwa imewekwa stoo pale nyumbani. Watu walivyojaa, chumvi ya jikoni ikaisha, na Shangazi Tumpe akaiona ndoo. Akatia kwenye maharage, vijiko na vijiko. Nasikia alikuwa anaonja na kusema, "Chumvi gani hii, haikolei, inawasha ulimi tu?" Akaongeza. Msiba mzima ukala. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama maharage yameharibika, mpaka Festo akaingia jikoni kuomba maji, akaiona ndoo, akashika kichwa. Baba mdogo alipoambiwa alisema mbele ya watu wote, "Kuleni. Kaka alitaka bahari ifike Uyole. Imefika." Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa chini ndipo nililia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, upande wa migomba.

Msiba ulipokwisha, wazee wakakaa kuhusu posa. Baba mdogo akakaa mahali pako, akasema ndiyo kwa niaba yako. Alisema ungekubali. Mchungaji alisema ungekubali, na majirani wakasema hivyo hivyo. Nilishukuru, Tata, niliwashukuru wote. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema ulikubali.

Harusi ilifungwa huku Iringa, kanisani kwa akina Festo. Ingekuwa dhambi kukuficha jinsi ilivyokuwa nzuri! Matarumbeta yalitupokea tangu barabarani. Festo alianza kulia kabla yangu, suti yake mpya, machozi mpaka kwenye tai, na mama yake akimwambia kwa sauti, "Festo, jikaze, utamfukuza mwali!" Nilikuwa na furaha tele. Ila Baba mdogo alinitembeza haraka mno kuelekea madhabahuni. Mkono wake ulikuwa unatoka jasho. Nikawaza, Tata na goti lake bovu angenipeleka polepole, ningepata muda.

Kitu kingine ambacho hujui. Festo ameacha safari za Dar. Sikumwomba. Sasa anaendesha gari la mbao, asubuhi anakwenda Mafinga na jioni amerudi. Harufu ya mbao mbichi kwenye shati lake, Tata, nikiisikia tu getini nasahau hata jiko limewaka. Tumepanga vyumba viwili na sebule hapa Kihesa. Tulipomaliza kupanga vyombo vyetu vichache, tukaanza kuzungumzia tangi.

Mama alituletea vioo vyako. Vilikuja na kenta la viazi, vimefungwa mablanketi, vimesimamishwa katikati ya magunia, kama ulivyosema kwamba kioo husafiri kimesimama na hakilali. Havikupata hata mkwaruzo. Tulivishusha watu wanne, tukavisimamisha sebuleni, nikaondoa blanketi la kwanza na nikaona kingo zako. Hakuna mtu mwingine Mbeya nzima anayelainisha kingo vile. Nilipitisha kidole taratibu, kama vile nakupapasa uso.

Kisha Festo akachukua futi, akapima ukuta. Akapima tena.

Ulikata kioo cha futi sita. Ukuta wetu, kutoka dirishani mpaka mlango wa chumbani, una futi nne na nusu. Ukuta wa pili una jua la mchana kutwa, na wewe ndiye uliyetufundisha kwamba jua la dirishani huotesha ukoko. Na si ukuta tu. Tulipiga hesabu ya maji, tukaona kwa urefu wako tangi lingekuwa na uzito wa zaidi ya nusu tani, na mwenye nyumba anasema sakafu ya sebule imejengwa juu ya udongo wa kujaza. Alipiga piga na kisigino chake, tukasikia ilivyo tupu chini. "Wanangu," akasema, "mimi nimewapangisha ninyi wawili, sijapangisha bwawa."

Ikawa ndiyo mazungumzo yetu, asubuhi na jioni. Tuhame, tutafute nyumba yenye ukuta wa kutosha? Tuvirudishe vioo Uyole vikae chini ya turubai mpaka siku tutakayojenga? Au tuvikate? Festo alisema tukate. Mimi nilisema hakuna atakayekata kioo cha Tata. Nilimwambia kwa ukali ambao sikujua ninao, na mtu wa watu akatoka akaenda kukaa barazani na chai yake. Ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza. Ulimalizika kabla chai haijapoa, lakini ulikuwepo.

Aliporudi alisema kwa upole, "Mke wangu, tukikata, tukate na kimo pia. Hebu jaribu kama mkono wako unafika chini." Nikasimamisha kile kioo cha pembeni, nikapandisha mkono mpaka kwapa likakaa juu ya ukingo, nikashusha vidole. Havikufika. Ulibaki upana wa vidole vinne hivi. Nilishtuka, Tata. Wewe ukosee kimo! Unaujua mkono wangu kuliko mtu yeyote, umenipima tangu nikiwa wa kusimama juu ya stuli. Nikafikiri labda presha ilikuwa imeshakuchanganya siku zile. Nikafikiri labda ulinunua kioo kikiwa na kimo hicho hicho. Nikaangalia kingo za juu na za chini. Zote za mkono wako, zote umezikata na kuzipiga msasa. Ulichagua.

"Hebu wewe," nikamwambia Festo. Akakunja shati, akaweka kwapa, akashusha mkono. Ncha za vidole vyake zikagusa sakafu kabisa, bila kujikunja wala kupungua.

Nililia! Nilimrukia, nikampiga piga kifuani, nikimwambia, "Unaona? Unaona? Amekukubali! Amekata kwa mkono wako! Alijua utakuwa unarudi nyumbani!" Nilikuwa nimepata jibu langu, nalipapasa kwa mikono yangu, ni kioo kabisa. Nilidhani atafurahi kama mimi. Festo akanishika mabega, akasema, "Subi, usimwekee marehemu maneno mdomoni. Mzee hajawahi kunipima. Hata siku moja."

Nilikumbuka kila siku mliyokaa pamoja, nikitafuta mahali ulipomshika mkono. Sikupata. Ulimpa chai, ulimpa kiti, mkono hukumpima. Furaha yangu ikanywea. Tukavifunika vioo tena, na kwa siku kadhaa hakuna aliyevitaja. Nilikuwa napika, nafua, namsindikiza asubuhi, nampokea jioni, na moyoni nauliza tu, Tata, ulikata kwa mkono wa nani?

Kisha Mama akaja kututembelea, na ndizi, na viazi, na masufuria mawili ambayo sikumwomba. Alikuwa na mfuko mwingine. Unajua nguo zako ziligawiwa kwa ndugu siku ya kumaliza msiba, kama desturi. Mama alificha shati moja, lile la bluu la kola ngumu, akakataa kulitoa. Sasa akampa Festo. "Chukua, baba. Limekaa tu sandukuni linanitazama." Festo akalivaa pale pale kwa heshima. Likambana tumboni kidogo. Lakini mikono, Tata. Mikono ilimkaa mpaka kwenye kifundo, kana kwamba alishonewa.

Mama alimtazama muda mrefu. Akasema, "Mkono ni ule ule."

Nikamwonyesha vioo. Nikamweleza yote, kimo, vidole vinne, ubishi wetu. Alisikiliza akimenya ndizi, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana." Nikamuuliza ndiyo maana ya nini. Akasema siku ulipokuwa unakata vioo hivi, ulirudi nyumbani ukamuuliza kama Iringa kuna baridi kama ya Uyole, na kama sweta lako la zamani bado lipo. Akakujibu, "Wewe na presha yako unakwenda wapi?" Ukacheka, ukaomba chakula. Hakulifikiria tena.

"Baba yako alikata kwa mkono wake mwenyewe," Mama akasema. "Alitaka kuwa anakuja kulisafisha. Ninyi mnabishana kama alimkubali huyu kijana? Mtu hakati kioo kwa mkono wake kwa ajili ya nyumba asiyotaka kuingia."

Festo alitoka nje akasimama uani, ametupa mgongo, katika shati lako la bluu. Kwa nyuma, Tata, nusura nikuite.

Labda Mama amekosea. Labda ni mkono wa Festo ulioukadiria kwa macho yako ya fundi, labda ni wako, labda hata wewe hukuwa umeamua, ulikata kimo kirefu ili uamue baadaye. Nimefikiri sana na nimeona kwamba kila njia ninayoifuata inanifikisha mlango ule ule. Sijui siku uliyokubali. Sitaidai tena.

Tulikata urefu tu. Kimo hatukukigusa. Festo alipouliza mara ya mwisho kama nina hakika, nilimwambia, "Kibaki. Mimi sifiki chini, kwa hiyo kila jioni utarudi." Akacheka, akasema, "Sawa, bosi." Tulifanya kazi mchana, barazani, juu ya mablanketi. Mama alishika upande mmoja, Festo wa pili, na mimi nikashika kikatio chako. Nilisikia sauti yako kabisa: kioo hakikwaruzwi mara mbili, ya pili ni kukitukana. Nikapaka mafuta, nikavuta pumzi, nikapita mara moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Kisha nikagonga kwa chini, taratibu, na ule mstari ukatembea wenyewe ndani ya kioo. Ulipoachia, ulitoa mlio mmoja tu, mkavu. Mama alifumba macho. Nilifanya hivyo kwa kioo cha mbele, cha nyuma na cha chini.

Vipande vilivyobaki Mama amevifunga kwa magazeti, amekwenda navyo Uyole. Anasema ataziba lile dirisha la jikoni ulilolibandika boksi kwa miaka yote hiyo ukiahidi kesho. Watu watasema hatimaye nyumba ya fundi vioo imepata kioo.

Tangi tumeliunga. Tulilijaza maji ya kawaida kwanza barazani, siku kadhaa, tukizunguka na kitambaa kikavu kutafuta unyevu. Halikuvuja hata tone. Tumeliweka kwenye meza ya chuma, kipovu cha pima maji kimekaa katikati, sakafu imetulia. Mwenye nyumba alikuja na kisigino chake, akaridhika. Juzi tumechanganya maji ya mvua na chumvi mpya kutoka Dar. Festo alichovya kidole akanilambisha. "Hiyo ndiyo bahari, mke wangu." Ina ukali wa ajabu. Na mimi sijawahi kuiona, Tata, kama wewe. Nilisimama pale na ladha ile mdomoni, nikatamani nikuletee kwenye kikombe.

Bado hamna samaki. Ni maji na mawe tu, na taa. Lazima tungoje wiki nyingi maji yakomae, na mimi nangoja. Usiogope, sina pupa, umenilea vizuri. Yakikomaa, Festo atapata kwa mtu anayeyakuza huko Dar vipande vya kwanza vya matumbawe, vidogo kama ukucha wa kidole gumba. Wanasema yanaota taratibu mno, mwaka unakwisha huoni tofauti, na kwamba kwa tangi la ukubwa huu tutakuwa wazee wenye mvi kabla hayajaligusa upande hadi upande.

Nasikia geti. Ni yeye, na maziwa. Acha nimalize.

Ndaga fijo, asante sana, Tata, kwa vioo, na kwa mkono ule, uwe wako au wa Festo. Lala salama upande ule wa migomba. Sisi huku tutangoja mpaka matumbawe yajae. Nakuahidi tutazeeka.

Binti yako,
Subilaga